Rangi za maji au za mafuta: ipi inamfaa mwenye kazi nyingi?

Kama una nusu saa tu jioni, rangi za maji zinashinda kwa maandalizi. Kiboksi kidogo, brashi mbili, kikombe cha maji, umeanza. Rangi iliyokauka kwenye kiboksi huamka ukiigusa kwa brashi yenye maji, kwa hiyo hakuna kinachoharibika ukikaa wiki nzima bila kupaka. Pesa zako zitumie zaidi kwenye karatasi yenyewe: nunua nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, maana nyepesi hujikunja ikilowa na kukukatisha tamaa bure.

Ila rangi za maji hazina subira. Doa likishakauka, kulifuta kabisa ni vigumu, na mtu aliyetoka kazini amechoka anaweza kuona anafanya mtihani mwingine. Hapo mafuta yana huruma kubwa. Hubaki mabichi kwa siku kadhaa, unakwangua, unapaka upya, unaendelea kesho ulipoishia. Winston Churchill, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, aliyeanza kuchora mwaka 1915 akiwa na miaka 40, alipenda mafuta.

Usafi ndio mzigo wa rangi za mafuta. Tapentaini, kimiminika cha kuyeyushia rangi hizo na kusafishia brashi, inahitaji dirisha wazi, na vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yaani yale yanayochanganywa na rangi hizo, vinaweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa, vitandaze vikauke.

Chumba kimoja na watoto wadogo? Ningechukua maji. Una kona ya kuacha picha ikiwa mbichi, na wikendi ni yako? Mafuta yatakutuliza zaidi.