Kutoka Dom mpaka Mafia kumwona papa potwe: uzoefu wangu na ile kambi ya watafiti

Tangu niweke zile picha za papa potwe stetasi watu wa ofisini hapa Mtumba hawanipumzishi, mara bei gani, mara uliogopa, mara hivi ni kweli ni papa, kwa hiyo naandika mara moja tu na atakayeuliza tena namtumia hii. Kwa ufupi watu wa ile kambi ya watafiti kisiwani Mafia nawapa nyota nne kati ya tano. Na hizo nne sijazitoa kwa sababu ya kuogelea, nimezitoa kwa yale maelezo tuliyopewa na watafiti kambini kwao Kilindoni kabla hatujapanda boti. Sisi wa Dodoma samaki mkubwa tunayemjua ni yule wa Mtera sokoni Majengo, sasa ukipelekwa moja kwa moja ukatumbukizwa baharini karibu na kitu cha ukubwa ule bila maelezo, utapiga kelele, utapiga picha, utarudi bila kuelewa ulichokiona.

Njia yetu ilikuwa hivi. SGR kutoka Dom mpaka Dar, treni ya kawaida nauli ilianza na 31,000 ilipozinduliwa 2024, hapo sina la kulalamika. Dar tukalala kwa ndugu, alfajiri Mbagala Rangi Tatu kutafuta basi la Nyamisati, huko wilaya ya Kibiti, ndiko wanakopandia watu wa Mafia. Jamani Nyamisati mwende na subira, ile sehemu ni delta ya Rufiji, mikoko kila upande, na bahari inakupwa na kujaa, ratiba ya chombo inafuata maji haifuati saa yako. Ukiwa na hela kuna ndege ndogo kutoka Dar, nusu saa hivi mnatua Kilindoni, ila mimi na wifi yangu hatukuwa na hela ya namna hiyo.

Kitu ambacho wakala aliyetupa bei kwa simu hakukitaja kabisa: hoteli nyingi nzuri ziko Utende, na Utende iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia (ile ya 1995, ya kwanza nchini), kwa hiyo ukipita geti kuna kiingilio cha hifadhi juu ya hela ya chumba. Halafu potwe wenyewe wala hawako huko, wanaonekana upande wa magharibi, ghuba ya Kilindoni, nje ya mipaka ya hifadhi. Sisi tukalala gesti ya kawaida Kilindoni mjini, feni, chandarua, maji ya ndoo, na asubuhi tunatembea kwa miguu mpaka kambini. Mimi ningerudi ningefanya hivyo hivyo.

Kambi usitegemee jengo la kutisha. Ni nyumba ya kawaida, meza ya plastiki, laptopu mbili, mitungi ya hewa imepangwa ukutani na picha za potwe zimebandikwa kila mahali. Dada aliyetupokea ni mtafiti, Mtanzania, anaongea taratibu na hachoki kuulizwa. Alianza kwa kutuambia huyu ni samaki, si nyangumi, anapumua kwa mashavu na mkia wake umesimama wima. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, wapo waliopimwa wakafika karibu mita 18, ila wanaokuja Mafia wengi ni madume ambayo hayajakomaa, kwa hiyo wa urefu wa Coaster ya Kondoa ndio utakaokutana nao. Meno anayo, tena maelfu, madogo madogo, lakini hayana kazi ya maana, yeye anapanua mdomo anakunywa maji na vijidudu na vikamba vidogo sana halafu anachuja.

Sasa sehemu iliyonishika ni pale alipofungua laptopu. Yale madoa meupe mgongoni hayafanani kwa potwe wawili, kila mmoja na yake mpaka anakufa, na wao wanachopiga picha ni ubavu, pale nyuma kidogo ya mashavu juu ya pezi. Akatuwekea picha mbili zilizopigwa miaka tofauti, programu ikachora mistari kutoka doa la picha hii kwenda doa la picha ile, mistari mingi inakwenda sambamba kabisa, hapo unajua ni yule yule. Na hesabu inayotumika hapo asili yake ni ya wanaastronomia, waliitengeneza kulinganisha picha za nyota angani, baadaye watu wakaona madoa ya potwe nayo ni nukta nyeupe kwenye giza tu. Wifi akamwambia airudie, tukaangalia tena.

Akatueleza pia zile tegi, vifaa vidogo wanavyofungwa potwe vinavyotoa mlio, kuna vipokezi vimezamishwa chini baharini vinanasa potwe akipita. Zamani watu walidhani msimu ukiisha wanahama, kumbe vile vifaa vilionyesha wengi wapo mwaka mzima, wanasogea tu kwenye maji ya kina zaidi mbali na ufukwe, juu hawaonekani. Nikauliza majike yako wapi na yanazalia wapi. Akasema hilo ndilo sayansi haijalijua mpaka leo, jike mwenye mimba aliyechunguzwa vizuri ni yule aliyevuliwa Taiwan 1995, alikutwa na vichanga kama 300 tumboni. Halafu tangu 2016 wako kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya walio hatarini kutoweka. Hapo ndo nikaelewa kwa nini masharti yao ni makali: kugusa marufuku, flashi marufuku, mita tatu kutoka mwilini, nne kutoka mkiani, na mkiwa majini hamzidi kundi dogo.

Baharini nahodha alikuwa mzee mmoja, tukamwamkia shikamoo akaitikia "marahaba wanangu, leo bahari shwari" na kweli ilikuwa shwari. Yeye hatafuti potwe, anatafuta ndege na boti za wavuvi wa dagaa, manake chakula kikijikusanya mahali wote wanakimbilia hapo hapo. Tulipomkuta potwe alikuwa anakula juu juu, mdomo wazi, upana wake unaweza kuingiza mtu akiwa amekaa, na chini ya tumbo kuna visamaki vimejishikiza vinasafiri bure. Pezi la mgongoni lilikuwa na kipande kimekatika, kidonda cha zamani kimepona, nahodha akasema hiyo ni propela. Anaogelea polepole ukimtazama, lakini ukitaka kumfuata unapiga miguu mpaka pumzi inakata na yeye hata hajajishughulisha. Wifi hajui kuogelea, akakaa na jaketi ameshikilia boya la pembeni, na nawaambia yeye ndiye aliyemwona vizuri kuliko sisi wote tuliokuwa tunakimbiza, maana potwe alizunguka akapita chini ya boya lake taratibuuu.

Kilichotuudhi ni boti nyingine iliyokuja, sitaitaja ni ya nani, wakamkatia njia mbele, watu wakaruka wote kwa pamoja karibu na kichwa na mmoja akanyoosha mkono kumshika mgongo. Potwe akazama. Basi, show imeisha kwa kila mtu, na waliolipa ni sisi pia. Nahodha aliwapigia kelele ya Kipwani ambayo siwezi kuiandika hapa.

Nyota moja nimeikata kwa mambo haya: miwani ya kuzamia ni ya zamani, yangu ilikuwa inavuja nikawa naimwaga kila mara, choo cha kambini hakina mlango unaofunga, na chakula cha mchana kilifika jua likiwa limeshapinda. Jioni walituonyesha matokeo, potwe wetu alikuwa ameshasajiliwa, hilo likapunguza hasira.

Mkitaka kwenda, nendeni kati ya Oktoba na Februari, na kabla hujatuma hela muulize wakala mambo matatu: kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo, kuna maelezo ya watafiti au hakuna, na boti inaingiza wangapi majini kwa zamu. Akikujibu "utamshika kabisa dada yangu" achana naye. Mwenye watoto wadogo asubiri wakue kidogo, ile njia ya Nyamisati inachosha. Namba ya nahodha ninayo, njooni inboksi.