Nilitaka waridi, nikauziwa bogenvilia

Watu wa mjini kipupwe wanakifurahia. Joto la kaskazi limekwisha, masika yamepita, mtu analala bila feni. Mimi nakaa Makunduchi, kusini mwa Unguja, nyumba ya tatu kutoka pwani, na kwetu kipupwe maana yake kusi, na kusi maana yake chumvi. Linaanza Juni, linavuma usiku na mchana, na chochote ulichokipanda mbele ya nyumba majani yanaungua pembeni kama yamepitishiwa moto. Mwaka jana wageni wa Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya mwezi wa Julai, walinikuta na ua usio na ua hata moja. Wifi yangu hakusema kitu. Aliangalia tu.

Basi mwaka huu mwishoni mwa Mei, ardhi ingali na maji ya masika, nikaenda kwenye kitalu kimoja cha njiani, kabla ya kufika Tunguu ukitokea mjini. Hakina kibao. Utaona viriba vya miche vimepangwa chini ya miembe na pipa la bluu la maji, hapo ndipo. Anayeuza ni kijana mmoja mpole, maneno machache.

Nikamwambia nataka miwaridi sita. Badala ya kunitajia bei, akaniuliza, "Mama, nyumba yako inaelekea wapi?" Nikamwambia mashariki, pwani. "Basi kusi lote lako. Pesa yako naitaka, lakini nikikuuzia waridi utarudi kunitukana."

Hapo ndipo aliponipata. Nimenunua miche sehemu nyingi, hakuna aliyewahi kuniuliza upepo.

Akanionesha bogenvilia, elfu tano kiriba kikubwa. Nikachukua nne, mbili za zambarau, moja nyeupe, moja ya rangi ya machungwa. Akanieleza kwamba ile rangi tunayoiita maua ni majani. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo katikati. Na akanionya nisiimwagilie kwa huruma. Ikishashika, ikipata jua la kutosha na kiu kidogo ndipo inapotoa rangi; ukiizidishia maji utapata majani mabichi tu. Kiriba akasema nikichane kwa wembe, nisiung'oe mche kwa nguvu, kwani mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Na nitie samadi iliyokwishaoza, si mbichi. Kwetu ni mawe matupu, ikabidi nichimbuliwe mashimo kwa mtaimbo, nikajaza udongo niliouagiza kutoka shamba.

Alichosahau kunieleza ni miiba. Sikupewa gunia wala gazeti la kufungia. Nikapanda daladala ya 310 na bogenvilia nne mapajani, na pale njia inapopinda moja ikamchoma bwana mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, pengine anakwenda harusini. Nilimwomba radhi mpaka Kitogani. Konda naye akanitoza mzigo.

Mrehani nao sikuupenda. Nilichukua miwili, elfu mbili mmoja, kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya kunukia. Nilipochana kiriba nikakuta mizizi kama uzi, inaonekana ilihamishwa juzi tu. Wiki haikwisha, yote miwili imelala. Nilipomrudia hakubisha, alinipa mmoja bure, lakini nauli ya kwenda na kurudi ni yangu.

Anauza pia taa za sola za kuchomeka ardhini. Usizinunue kama unakaa pwani. Zangu tatu zilipendeza usiku wa mwanzo, watoto wakazizunguka kama nondo. Kabla Juni haijesha chumvi imeshakula vyuma vyake na moja haiwaki kabisa.

Lakini hizo bogenvilia, mashaallah. Niliziwekea kizuizi cha makuti upande wa pwani mpaka zikashika, kisha nikakiondoa. Mwasumini wangu ukifika kipupwe hujikunyata, hautoi kitu, ila hizi katikati ya Julai zilikuwa zimelala ukutani zambarau tupu. Asubuhi natoka na kanga mbili mabegani kwa ule ubaridi, nakaa barazani na chai ya tangawizi, naangalia. Zamani miezi hii mlango wa mbele nilikuwa siufungui.

Wifi kaja Mwaka Kogwa. Safari hii alisema. Kisha siku ya kuondoka nikamkuta anakata vijiti vitatu kwa kisu changu cha jikoni, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, bila hata kuniomba.

Ukienda, nenda asubuhi, maana baada ya adhuhuri kijana huwa amekwenda kuteka maji na anayebaki hapo hajui bei. Na uchukue gunia lako.