Siku nne Mwanza na IST ya kukodi, mama kiti cha nyuma

Ningekuwa peke yangu nisingekodi gari Mwanza. Mjini bajaji zimejaa, daladala zipo, na mtu mwenye begi moja anamaliza shughuli zake kwa bodaboda bila shida. Ila safari hii nilikuwa na mama. Ana miaka 71, goti lake la kulia halitaki mchezo, na harusi iliyotupeleka ilikuwa Sengerema, ng'ambo ya ziwa.

Nilianza kuulizia bei tukiwa bado Morogoro. Kampuni ya kwanza ikanitajia laki na ishirini kwa siku: gari na dereva wao, mafuta juu yangu, na dereva akilala nje ya mji namlipia chumba na chakula. Nikashukuru nikakata simu. Binamu yangu anayekaa Kirumba akanitumia namba za watu wawili wanaokodisha gari unaendesha mwenyewe. Mmoja IST yake, yaani Toyota ndogo, elfu hamsini kwa siku, wa pili IST yake elfu sabini. Kwenye picha ni gari zilezile, hata rangi ni moja. Tofauti ilikuwa kwenye namba: ya elfu hamsini ilikuwa ya njano, ya elfu sabini nyeupe.

Hiyo elfu ishirini imekaa hapo kwenye rangi ya namba. Namba ya njano ni gari binafsi. Mwenyewe kalikatia bima ya matumizi binafsi, na siku ukigonga, kampuni ya bima ikishajua kuwa ulilikodi kwa hela, ina sababu nzuri tu ya kugoma kulipa. Utabaki wewe na mwenye gari mnatazamana. Namba nyeupe ni gari lililosajiliwa kwa biashara. Najua watu wengi wanachukua ya njano na wanarudi salama, sibishani nao. Mimi nilikuwa na mama ndani ya gari.

Nikachukua nyeupe, tukavutana mpaka elfu sitini na tano, dipoziti laki na nusu. Kabla ya kutuma hata shilingi niliomba namba ya gari, nikakagua stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ikaonekana ni bima kubwa, ile inayolipia na gari lenyewe, na bado ina miezi. Kisha nikaangalia madeni ya trafiki. Faini mbili hazijalipwa, elfu thelathini kila moja. Nikampigia kijana mwenye gari.

“Kaka, hizo ni za mteja aliyepita, nitazilipa tu.”

“Zilipe leo, dogo, mimi kesho nakuja.”

Akazilipa. Nampa sifa yake, hakununa.

Gari alituletea mpaka lodge Nyegezi, saa moja asubuhi kama tulivyokubaliana. Nikalizunguka na simu nachukua video: mkwaruzo chini ya bampa la mbele, taa ya nyuma kushoto ina ufa, geji ya mafuta iko robo. Nikamwambia aseme kwenye video kwamba Sengerema imo kwenye bei, maana wengine ukivuka tu Usagara wanaanza kuhesabu “nje ya mji”. Akasema. Nilijiona mjanja kweli. Buti sikufungua.

Mjini gari lilikuwa zuri. Kiyoyozi kinapuliza, breki zinashika, mafuta halili. Shida yake ni vilima, na Mwanza ni vilima na mawe. Kupanda Bugando tukiwa watu wanne na mizigo, injini ililia mpaka mama akaniuliza kama ashuke apunguze uzito. Kama shughuli zako ziko Isamilo au huko juu kwenye mawe, tafuta gari lenye nguvu kidogo. Kuhusu mafuta usihangaike kuzunguka sheli kutafuta nafuu. Bei kikomo inatangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kila mwezi, utaokoa senti tu.

Siku ya pili tukaenda Sengerema. Zamani safari hii ungeipanga kwa kukisia foleni ya kivuko pale Kigongo. Sasa kuna Daraja la JP Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na unavuka kabla hujamaliza kusimulia jambo. Mama, ambaye alivuka hapo kwa kivuko tangu msichana, alishusha kioo akanyamaza mpaka tulipofika Busisi. Halafu akasema, “Kumbe ni karibu hivi.”

Mbele ya Busisi, tairi la nyuma likaenda. Nikafungua buti. Spea tairi ipo, nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea kama chapati. Jeki ipo. Spana ya nati hakuna. Nikampigia yule kijana, akasema, “Aisee, kaka, itakuwa imebaki kwenye gari lingine.” Hapo nilikuwa nimevaa suti.

Kijana wa bodaboda akasimama bila kuitwa. Spana akaiazima kwa dereva wa Probox aliyekuwa anapita, tairi akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaenda nalo kwa fundi pancha. Mama alikaa chini ya mwembe anasalimiana kwa Kisukuma na kila apitaye, mwadila, mwadila, na kwa dakika arobaini zile alishajua ukoo wa watu watatu. Pancha elfu tano, boda elfu kumi. Harusi tulifika maharusi wameshakaa.

Siku ya kurudisha, kijana mwenye gari akalikagua tukiwa na ile video mkononi, mkwaruzo ukaonekana ni uleule. Mafuta robo, sawa. Akaanza kusema gari lina vumbi, anakata elfu kumi na tano za kuliosha. Nikamuonyesha ujumbe wa malipo ya boda na pancha. Akacheka, tukaiita ngoma droo, dipoziti yote ikarudi kwenye simu palepale.

Kwa hiyo siku nne gari lilinigharimu laki mbili na sitini, na juu yake mafuta ya elfu themanini na tano. Kwa ile kampuni ya kwanza ningelipa laki nne na themanini kabla hata ya mafuta na chumba cha dereva. Nampa nyota tatu na nusu. Nusu iliyopotea ni ya spana, na nzima ni ya ile spea. Mama yeye hana habari na nyota. Namba ya kijana ameshaihifadhi kwenye simu yake, ameandika “Gari Mwanza”, na juzi kaniuliza Krismasi tunaondoka tarehe ngapi.