Makopo ya kunyonya unyevu ndani ya boti iliyopandishwa Matema: nyota tatu kati ya tano

Kwa mwenye haraka: haya makopo ya chembe nyeupe za kunyonya unyevu yanafanya kazi, ila si kazi inayotangazwa kwenye lebo. Ukiyapanga ndani ya boti, ukafunga mlango na kwenda zako, utarudi ukute maji ndani ya kopo na ukungu kwenye dari. Vyote viwili kwa pamoja. Nimeyatumia msimu uliopita wa mwera, ule upepo wa kusini, kwenye boti yetu pale Matema, Ziwa Nyasa, na nimeona yanapofaa na yanapokula hela bure.

Boti ni ya faiba, futi 23, ina chumba kidogo mbele chenye vitanda viwili, makabati, sinki na choo cha kubebeka. Ni ya kwangu na shemeji yangu. Tunapeleka wageni Ikombe kuona akina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu, na wengine wanataka kuvua tu. Kuanzia Mei hadi Agosti kazi inalala. Mwera unavuma kutoka kusini na Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini. Wimbi linapata nafasi ya kukua njia nzima kabla ya kutufikia sisi. Kwa hiyo boti tunaipandisha nchi kavu, tunaikalisha juu ya magogo, na mzee mmoja wa hapo anatulindia.

Ukitafuta maelekezo ya kuandaa boti ndani kabla ya kuiweka miezi kadhaa, mengi yameandikwa na watu wa nchi za barafu. Wanahangaika na mabomba, maana maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9 na bomba linapasuka, ndiyo maana wanapitisha dawa ya glikoli ili yasigande. Hayo tuyaache huko. Baridi ya kuunguza viazi tunayo kule juu milimani, Kitulo. Ziwani, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna kitu kinachoganda. Chumvi nayo haituhusu, kwa sababu Nyasa ni maji baridi. Tangi la maji ya kunywa nalimwaga hata hivyo, kwa sababu ya mbu na utelezi wa kijani, na mifereji ya sinki naiacha wazi ikauke.

Kinachobaki kutoka kwenye maelekezo yao ni unyevu, na hapo sisi tumewazidi. Kyela ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo unachota unyevu ziwani, unagonga Milima ya Livingstone, na mvua ambayo Mbeya mjini tumeshaisahau, Matema bado inanyesha. Mimi naishi Uyole, hapo hapo Mbeya. Mwezi Juni huku nguo inakauka kwa nusu siku japo unatetemeka kwa baridi. Nikishuka Tukuyu, nikipita Ipinda hadi ziwani, kitambaa nilichokianika ndani ya boti wiki iliyopita nakikuta bado kina ubichi.

Sasa kopo lenyewe. Ndani kuna kloridi ya kalsiamu, ile inayovuta mvuke wa hewani mpaka yenyewe inayeyuka, na maji yake ya chumvi yanadondoka kwenye sehemu ya chini. Limetoka China na jina lake halina umuhimu, kwa sababu yote niliyoyaona sokoni Mwanjelwa, Mbeya, yana kitu hicho hicho ndani. Bei ya moja ni kama ya kilo tatu za mchele wa Kyela wa daraja la kwanza. Nilinunua makopo ya kutosha chumba, makabati na chini ya sakafu, nikanunua na kipimo kidogo cha unyevu cha kuning'iniza ukutani. Kipimo hicho ndicho kitu cha maana kuliko vyote nilivyonunua siku ile, na ndicho kilichokuwa cha bei rahisi kuliko vyote.

Kwanza nilifuata lebo: madirisha yote yamefungwa, mlango umefungwa, makopo yamekaa sakafuni. Baada ya wiki chache mzee akanipigia simu. "Mwanangu, lile kopo lako limeshiba, nilimwage wapi?" Nikamuuliza limejaa kiasi gani. Akasema limefika juu, na la pili linakaribia. Muuza duka angesikia hivyo angefurahi. Mimi nilianza kupiga hesabu.

Hewa ya nyuzi 28 ikishiba kabisa inabeba karibu gramu 27 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Tuseme unyevu ni asilimia 80, hapo ni kama gramu 22. Chumba chetu kina mita za ujazo 6 hivi. Kwa hiyo hewa yote ya mle ndani imebeba gramu 130 tu za maji, nusu glasi. Kopo likikusanya nusu glasi, limekausha hewa yako. Likijaa na kumwagika, hayo maji hayakuwa hewani. Yametoka mahali, na kopo linakuambia ukapatafute.

Tulipafuata. Tulipofunua mbao za sakafu tukakuta ngama, ule uvungu wa boti chini ya sakafu, ina maji ya kina cha vidole viwili, yaliyoingia pole pole kupitia tundu la skrubu ya reli ya juu. Godoro moja la sponji lilikuwa zito, limenyonya. Na mpira wa dirisha la kulia ulikuwa umekakamaa, hewa ya nje inapita bila kizuizi, kwa hiyo kopo lilikuwa limepewa kazi ya kukausha wilaya nzima ya Kyela. Chembe zikiisha, mchezo umeisha: maji ya kwenye godoro yapo pale pale na dari inaanza kuweka madoa meusi.

Mchana hewa ya ndani ni ya joto. Usiku faiba inapoa haraka. Hewa ile ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ikishuka hadi nyuzi 24 tu inaanza kuachia matone, na usiku wa Juni pale ziwani unashuka zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata boti isiyovuja tone inajinyeshea yenyewe kwa ndani. Ukungu unapenda unyevu wa kuzidi asilimia 70 hivi, na chumba chetu kilichofungwa hakikushuka chini ya 80 hata makopo yakiwa mapya.

Hapo tukageuza utaratibu. Mbao za sakafu zote zilitoka, tukakausha ngama kwa sponji na matambara mpaka mkono ukitoka mle unatoka na vumbi. Tundu la skrubu likapigwa silikoni. Magodoro, mapazia, maboya ya kuvaa na kamba nilivipakia kwenye gari nikavipandisha Uyole, maana hakuna dawa ya kuhifadhi sponji Matema msimu ule kuliko kuiondoa Matema. Kuta na dari tulizifuta kwa siki na maji. Wapo wanaotumia JIK, na kwenye faiba nyeupe inang'arisha kweli, ila usije ukachanganya JIK na siki kwenye ndoo moja: inatoka gesi ya klorini, na ndani ya chumba cha boti huna pa kukimbilia. Mtungi mdogo wa gesi nao utoke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka kukaa kwenye ngama inasubiri cheche.

Betri tulizichaji, tukazitoa. Chakula chochote, hata pakiti ya chumvi, nje. Panya wa pale hawana haja na boti, wana haja na biskuti, ila wakishaingia wanamalizia na nyaya.

Baada ya hapo tukafungua. Milango ya makabati wazi, dirisha la mbele na la nyuma yamepanuliwa kidogo na kubandikwa wavu wa mbu, maana nyigu wakiona tundu wanajenga. Turubai tukaliinua juu ya mti mrefu uliolazwa kutoka mbele hadi nyuma ili upepo upite kati yake na sitaha. Zamani lilikuwa limelala juu ya boti moja kwa moja na linatoa jasho. Ule mwera unaotufukuza ziwani ndio ukawa unakausha boti. Siku za jua kipimo kilianza kusoma 60 na kitu. Siku za mvua kilipanda, hilo halikwepeki, lakini hakikubaki huko juu.

Na makopo? Hapa ndipo yanapopata nyota zao tatu. Ukiacha madirisha wazi, kopo chumbani ni hela inayoyeyuka. Lakini tuna sehemu mbili zinazofungwa kabisa: kabati la swichi na nyaya, na sanduku la redio na vifaa vya umeme. Humo kopo moja moja lilikaa msimu mzima, halikujaa hata nusu, na nilipofungua hakukuwa na ile kutu ya kijani kwenye vichwa vya nyaya. Kwa sehemu hizo ningeyapa nyota tano. Kwa chumba, moja.

Nililinganisha na vipakiti vya silika, vile vya rangi vinavyobadilika vikishiba. Vinanyonya kidogo kuliko kopo, lakini havitoi maji, na unavikausha kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi ukavirudisha kazini. Kwa sanduku la redio naona ni bora, kwa sababu udhaifu mkubwa wa kopo ni hayo maji yake. Yakimwagika hayakauki, yanabaki mafuta mafuta yanayoteleza, na yanakula chuma na alumini. Kopo lisikae juu ya kitu chochote cha chuma, na liwekwe ndani ya beseni la plastiki. Yule mzee nilimwambia asimwage kwenye mashina ya kakao wala migomba, kwa sababu chumvi ile inaua mizizi. "Basi nitamwaga njiani, magugu yafe," akasema, na kweli pale alipomwaga hapajaota kitu mpaka leo.

Feni ndogo ya sola ya kubandika kwenye kifuniko cha juu pia tunayo. Siku ya jua inavuta hewa vizuri, siku ya mawingu, yaani siku unayoihitaji, inalala. Sitainunua tena. Mkaa kwenye chungu cha Kikisi uliosifiwa na shemeji umeondoa harufu ya choo, hilo nakubali, lakini kipimo hakikutikisika.

Mwaka huu nanunua makopo mawili tu ya lile kabati la swichi, vipakiti vya silika kwa ajili ya redio, na mpira mpya wa dirisha la kulia. Mwanjelwa makopo yapo kwenye maduka ya vyombo vya nyumbani, yanauzwa kama ya kuweka kwenye kabati la nguo; chagua lenye chembe zinazocheza ukilitikisa, maana likiwa limeshikana donge limeshakunywa unyevu wa dukani kabla ya kuuona wako.