Antena ya Waya ya Mita 20: Kisanduku Safi, Waya Balaa

Haya wakuu, mnakiona hiki? Siyo kiota cha ndege. Hii ni antena. Jana usiku nimeikunja kwa adabu zote, nikaitia mkobani, asubuhi naitoa iko hivi. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Fundo juu ya fundo, na ncha sijui iko wapi.

Karibuni tena. Leo ni ile antena ya nusu wimbi inayolishwa mwishoni, yaani waya mmoja wenye urefu wa nusu ya wimbi la redio, unaounganishwa kwenye ncha moja, mliyoniganda nayo tangu video ya betri. Habari za kisanduku kinachokaa kati ya waya na kebo ya redio sizirefushi, wapenzi wa redio ya ridhaa mnazijua: ndani transfoma ya 49 kwa 1 ya kushusha upinzani wa waya uendane na redio, waya wa mita 20 na ushee, unapata bendi za mita 40, 20, 15 na 10 bila tyuna, kile kifaa cha kuioanisha antena na redio. Tuendelee.

Tatizo ni waya. Angalieni nikiuachia... mmeona? Umerudi kujikunja wenyewe kama springi. Hii plastiki ya nje ni ngumu, mkunjo ikishaupata haiusahau. Halafu wakatupa na kibao cha kuzungushia. Kibao kina sentimita 15, kwa hiyo mzunguko mmoja unakula kama sentimita 30. Waya wa mita 20 ni mizunguko zaidi ya 60. Sasa wewe ukifika uwanjani una haraka, huzungushi kibao, unauvuta waya utoke kwa ncha ya kibao. Kila mzunguko unaotoka hivyo unakuachia msokoto mmoja. Piga hesabu: misokoto 60 kwenye waya mkaidi. Ndiyo hiki kiota.

Dawa yake ni namba nane. Nakaribia kamera, msione aibu kurudisha nyuma. Kidole gumba juu, kidole kidogo chini. Waya unapita nyuma ya gumba, unakatiza kiganja, unapita nyuma ya kidole kidogo, unakatiza tena. Gumba, katiza, kidogo, katiza. Msokoto wa upande huu unafutwa na wa upande ule. Nimemaliza, nafunga katikati na kipande cha mpira. Sasa nashika ncha, naweka fungu chini, natembea. Hatua tano... kumi... kumi na tano. Umekwama? Haujakwama. Narudi nauchomoa ule wa kwenye kibao, uleule, urefu uleule. Hatua tatu. Hatua tatu tu jamani, fundo! Kibao hiki kilipita mikononi mwa watu wangapi pale kiwandani, na hakuna hata mmoja aliyekwenda nacho porini?

Nimetulia. Aliyeandika kwamba napiga kelele sana, nimekusoma. Kipaza sauti kipya kimefika, Jumamosi kwenye matangazo ya moja kwa moja mtanisikia nikinong'ona.

Tusimamishe sasa. Ncha ya mbali naipandisha juu ya mlingoti wa faiba, mita kama 7, kisanduku kinabaki chini karibu nami. Mlingoti wa kaboni achana nao, kaboni inapitisha umeme na itakuvurugia vipimo. Na kabla ya kurusha kamba mtini, inua macho: kama kuna nyaya za umeme karibu, hama. Hapo sitanii.

Urefu: chukua 143, gawa kwa megahezi za masafa unayotaka. Kwa 7.1 unapata mita 20.14. Waya wenye plastiki unataka uwe mfupi kidogo kuliko hapo, ila anza mrefu, maana kurefusha ni kazi. Wa kwangu umekuja mrefu mno, SWR, kipimo cha jinsi antena inavyooana na redio, 1 ndiyo bora, imeshuka chini kabisa kwenye 6.9, nje ya bendi. Msikate! Kunja ncha, uizungushe juu ya waya wenyewe iubane. Kwenye mita 40, kila sentimita 3 inasogeza kama kilohezi 10. Nimekunja karibu sentimita 58 na... tazameni kipimo, 7.1, SWR 1.3. Hapa naanza kulainika, nakiri.

Ncha hiyo msiishike mkirusha mawimbi. Pale kwenye kisanduku penyewe upinzani ni kama omu 2,450, kwa hiyo hata wati 10 zinakupa volti zaidi ya 150. Kwa wati 100 ni karibu 500.

Wale wa daipoli ya viungo, ile ya nyaya mbili inayolishwa katikati, najua mnacheka. Ni kweli, daipoli haina transfoma ya kula nguvu yako, kila upande mita 10 na safari imeisha. Lakini inataka mlingoti katikati, ubebe uzito wa kebo yote, na ukibadili bendi ushushe, ufungue kiungo, upandishe. Nimefanya hivyo kwenye mvua. Hii ya leo unageuza kitufe tu. Na wale wa transfoma ya 9 kwa 1 na waya wa urefu wa kubahatisha, bila tyuna hamwendi popote, tusidanganyane.

Jambo moja la kisanduku: kebo ya antena hapa inageuka mguu wa pili wa antena bila wewe kuombwa. Nikigusa redio, SWR inacheza, ile pale. Nimefunga kipande cha waya cha mita 2 kwenye skrubu ya ardhi, na kebo nimeizungusha kwenye pete ya feraiti upande wa redio. Imetulia.

Bei? Ndani nimefungua: pete ya feraiti, mizunguko 2 kwa 14 ya waya wa shaba, kapasita ya pikofaradi 100, soketi. Mwenye chuma cha kulehemu ataumia roho akiona wanachodai. Lakini wamelehemu vizuri, na kwa wati 5 kwenye mita 20 nimejibiwa mara ya pili kuita.

Kwa hiyo kwa muuzaji sirudishi. Nabaki na kisanduku, waya natoa, naweka ule mwembamba wa silikoni. Nitapima upya, plastiki ikibadilika kipimo nacho kinasogea. Mnaotaka nione tofauti, andikeni chini, gongeni kengele. Mimi naenda kuitafuta ile ncha.