Trekta la dizeli, trekta la petroli, na fundi aliyekataa kusikiliza

"Mama, hiyo ni dizeli. Dizeli hupiga kelele." Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa na fundi wa duka lililoniuzia trekta langu dogo la bustani, bila yeye kuinua boneti, bila kuniomba ufunguo aliwashe, na bila hata kunitazama usoni. Nilimweleza kwamba kelele ile haikuwapo nilipolinunua, kwamba ilianza ghafla na kwamba naisikia miguuni kabla sijaisikia masikioni. Akanijibu kwamba ninayetaka ukimya ningebaki na petroli. Niliondoka pale donge la hasira limenikaa kooni, na hadi leo sijalimeza lote.

Mimi si mgeni wa mashine hizi. Kwa miaka mingi nilitumia trekta la petroli, lenye silinda mbili zilizokaa kama herufi V na zinazopozwa kwa hewa, kabla sijahamia kwenye dizeli ya silinda tatu inayopozwa kwa maji. Nilihama kwa ajili ya masikio yangu. Kukata nyasi kwangu huchukua nusu ya siku, na injini ya petroli ya aina hiyo hukaa karibu na mizunguko 3,600 kwa dakika tangu unaposhusha visu hadi unapovipandisha. Ni mlio mwembamba, mkali, usiopumzika, uliochanganyika na upepo wa feni inayopoza silinda, nao ulikuwa ukinifuata hadi kitandani. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asizidishe kelele ya desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 91 zinabaki saa 2 tu. Mimi saa 2 hazinitoshi hata kumaliza upande mmoja.

Ni kweli kwamba dizeli ina kishindo chake, na sikuwa nimedai vinginevyo. Injini hiyo haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ikapata joto la kuwasha mafuta yenyewe, na katika injini ndogo kama yangu hewa hubanwa zaidi ya mara 20, ilhali ya petroli hubana mara 8 au 9 hivi. Mafuta yakishapulizwa hayawaki papo hapo, bali hukawia kidogo sana, na yale yaliyojikusanya katika kukawia huko huwaka kwa mkupuo. Hicho ndicho chanzo cha sauti ya ko-ko-ko tunayoijua, na asubuhi injini ikiwa baridi huwa kali zaidi kwa sababu kukawia kunarefuka. Ikishapata moto, hutulia. Kelele yangu haikutulia. Ilikuwa mngurumo mzito ulioongezeka kadiri nilivyoongeza mwendo wa injini, ukatetemesha usukani hadi viganja vikafa ganzi, na nikishuka nilikuwa nahisi kama bado nimekaa juu yake.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hata kipimo cha sauti cha kwenye simu hakikunitetea. Kilionyesha namba ambazo hazikutofautiana sana na za trekta la zamani, na kwa muda nikaanza kujitilia shaka. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba vipimo vya kawaida vya desibeli huzipunguzia uzito sauti nzito ili vifuate jinsi sikio linavyosikia, kwa hiyo mtikisiko unaopanda kwa kupitia chuma na kiti unaweza kukuchosha mno na namba ikabaki palepale.

Nikaamua kutafuta mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, nilichukua karatasi ya daftari nikaipitisha kati ya bomba la moshi na fremu. Ilipita kote isipokuwa mahali pamoja, mbele upande wa kushoto, ambapo ilikwama na kutoka na mstari mweusi wa masizi. Hapo chuma kilikuwa kimesuguana na chuma hadi rangi ikatoka na kubaki doa linalong'aa, lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilipomulika kwa tochi nikaiona raba inayobeba injini upande ule: imechanika karibu yote, mdomo wazi, na injini imelala juu ya fremu. Kazi ya raba ile ni kuzuia mtikisiko wa injini usiingie kwenye fremu. Ikikatika, boneti, sakafu ya miguu na kiti vyote hugeuka ngoma. Kuliona hilo kulihitaji tochi na dakika chache za mtu anayejali.

Fundi mwingine alibadilisha raba zote, nami nikarudi dukani na ile mbovu nikaiweka mezani mbele ya yule wa kwanza. Aliitazama, akasema raba huchakaa, akaendelea na shughuli zake. Hakunipa pole wala kuniuliza kama mashine imepona.

Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kuwaonya watu wasinunue dizeli, lakini kusema hivyo ni kuionea mashine. Tangu ilipobadilishwa raba, ikiwa kazini huzunguka taratibu kuliko ile ya petroli, maji yanayozunguka silinda hufunika sehemu ya kelele, na sauti yake nzito naweza kuivumilia nusu siku kichwa kisiniume. Petroli inaishinda kwa utulivu ikiwa imesimama bila mzigo na wakati wa kuwasha. Mwenye majirani wanaolala hadi jua lipande afikirie hilo sana, kwa kuwa sauti nzito hupenya kuta kuliko nyembamba. Visu vikishaanza kuzunguka, mvumo wake humeza sehemu kubwa ya tofauti hiyo, na vizuia kelele vya masikioni ni lazima kwa matrekta yote mawili.

Hata hivyo, sasa ninapolikumbuka jibu la yule bwana, namwambia anayetaka kununua: kama atakayekuhudumia ni mtu wa namna hiyo, chukua la petroli, maana mlio wake ukibadilika hakuna atakayekuambia kwamba ndivyo ulivyoumbwa. Mimi langu la dizeli siliuzi. Raba iliyochanika ningali nayo, na nikilazimika kurudi katika duka lile nitakwenda nayo mkononi.