Nililipia 4x4, nikapewa nusu
Msitu wa Kakamega hauna kosa. Njia ya Buyangu, kutoka geti la KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) kuelekea kilima cha kutazamia msitu, ni fupi na haina makuu: udongo, mizizi, dimbwi hapa na pale. Kukiwa kukavu hata gari dogo lililoinuka kidogo linapita. Ila mvua ya huko hupenda alasiri, na udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Ingia asubuhi, punguza upepo wa tairi hadi psi 24 hivi, ujaze tena kabla ya kurudi lami.

Kilichoniudhi ni gari nililokodi Kisumu. Naweka 4H, yaani magurudumu yote manne yavute, taa inawaka kwenye dashibodi, na bado tairi za nyuma pekee ndizo zinachimba. Taa ile inafuata kijiti cha kuchagua 2H au 4H. Habari za magurudumu haina. Hab ya mbele kushoto, kile kifaa cha katikati ya gurudumu kinacholishikisha na shafti yake (LOCK) au kuliachia (FREE), ilikuwa imeganda kwenye FREE kwa kutu na tope la zamani. Wala usidhani ya kulia ikiwa LOCK itavuta peke yake: difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kushoto na kulia, hupeleka mzunguko upande mwepesi, shafti ya kushoto inazunguka bure, gurudumu la kulia limetulia tu.

Nikampigia mwenye kukodisha. "Boss, kanyaga mafuta, hiyo gari imefika hadi Turkana." Kanyaga mafuta! Kwenye tope la mfinyanzi unajizika mwenyewe hadi ekseli. Lilitoka kwa jeki iliyowekwa juu ya ubao na kapeti za raba chini ya tairi, maana matawi ya hifadhi hayakatwi.

Na kwa fundi hiyo ni kazi ndogo: fungua boliti sita za kifuniko, osha kwa mafuta ya taa, paka grisi kidogo. Ukishindilia grisi, hab itakwama tena.

Nilikuwa tayari kuwasamehe, kwa sababu injini ni safi, klachi laini, na hata spea ina upepo. Halafu wakakata dipoziti yangu, eti gari limerudi chafu. Limetoka msituni, lirudi na manukato?

Basi mkikodi kwao, kabla ya kulipa, vuta handibreki, rudisha kijiti 2H (nyuma pekee), zungusha hab hadi LOCK, inua gurudumu la mbele kwa jeki, ulizungushe kwa mkono. Shafti ya nyuma yake isipozunguka nalo, hab haijashika. Wakinuna, ondoka na pesa zako.